Homa Kwenye Uwanja wa Kilio

Mume wangu alipokufa, simu yangu ya kazi ilibaki ndani ya sanduku la dawa chini ya kitanda, na mimi nikakalishwa kwenye mkeka sebuleni. Kwetu Likasi, kusini mwa Kongo, mjane hukaa hivyo hadi siku ya kuoshwa kimila. Hapiki, hasalimii kwa mkono, hashiki kazi yoyote. Sisi ni Wakatoliki, na padri alikuja akaomba vizuri, lakini mkeka ni mkeka.

Mtaani wananiita mama reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaa, maana majirani walinichagua niangalie afya yao. Shule yangu iliishia msingi. Kituo cha afya kilinifundisha kupima malaria kwa tone la damu ya kidole, kuwapa watoto vidonge, na kuandika kila mgonjwa kwenye simu. Simu inapeleka habari kituoni, nao wanajua mtaa gani una homa nyingi kabla dawa hazijaisha. Naipenda kazi hii kwa sababu naona matunda yake: mtoto aliyelala hoi juzi, leo anafukuza kuku wa jirani.

Mvua zilikuwa zimeanza. Mazishi yalipita, lakini kilio, yaani matanga, kiliendelea, na familia ililala uani chini ya turubai, kwa sababu kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye wa kusimamia kuoshwa kwangu, alikuwa bado safarini. Mwenye msiba haachwi peke yake. Shangazi za marehemu kutoka ziwa Tshangalele walileta samaki wakavu, wenzake wa kiwandani walileta makaa. Waliimba kando ya moto na mbu wakawala. Nilisema watoto walazwe ndani. Nikajibiwa kwamba mjane awaache watu walie.

Wiki ya pili, asubuhi, binti wa wifi yangu aliamka akitetemeka. Alikuwa bado hajafika umri wa shule. Wifi ni dada mdogo wa mume wangu, anauza unga sokoni. Alimbeba mtoto hadi mlangoni, akaishia hapo. Mimi nikainuka.

"Hapana, mulamu," akasema, maana ndivyo mawifi tunavyoitana. "Minye nakuheshimu. Lakini weye haujaoshwa. Ushimuguse mutoto wangu."

Watu wetu wanaamini kwamba kifo kinabaki mikononi mwa mjane hadi aoshwe, na mtoto atakayemgusa anaweza kumfuata marehemu. Mimi siamini hivyo. Lakini sikumkasirikia. Alikuwa ametoka kumzika kaka yake, na hakutaka kumzika mtoto pia. Kituo kiko ng'ambo ya reli, na mvua ilikuwa inamwagika.

"Anakunywa?" nikamwuliza.

"Kidogo."

"Anatapika? Alishtuka-shtuka mwili?"

"Hapana."

"Basi tuko na wakati, lakini si mingi. Leta ile sanduku ya chini ya kitanda."

"Mulamu, nilikuambia..."

"Sitamugusa. Utamupima weye."

Baba mdogo wa mume wangu, mzee aliyestaafu kazi ya mgodi, alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anakunywa chai. Kwa mambo ya desturi wote walimtazama yeye. Nikamwuliza kama mjane anakatazwa kusema.

Akafikiri kidogo. "Mujane hapike, hashike, hasalimie. Lakini kusema? Minye sijaona mujane mwenye kunyamaza." Kisha akamgeukia wifi. "Leo tuko na docteur ya soko. Akimaliza kupima, atatuuliza tunataka kilo ngapi."

"Baba, nyamaza, ama nitaanza na kidole yako."

Wifi alileta sanduku, akanawa mikono, akavaa glavu. Nikamwambia achome ubavuni mwa kidole, si katikati. Mtoto alilia, na mama yake akalia naye, lakini mkono wake ulichoma palepale nilipomwambia. Ni mkono uliozoea mizani. Tone likaingia mahali pake, akaongeza maji ya dawa, tukangoja. Sikuwahi kuona kungoja kurefu vile.

"Mistari mbili," akasema. "Ni mubaya?"

"Ni malaria. Na iko na dawa yake."

Aliviponda vidonge kwenye kijiko, akamnywesha. Halafu simu. Akasimama dirishani, ndipo rezo, yaani mtandao wa simu, inapopatikana nyumbani kwetu, nami nikamwelekeza kutoka mkekani: andika umri, andika mistari miwili, andika dawa, tuma. Akatuma. Wamama wengine waliokuwa uani walimwona, wakaleta watoto wao wenye joto, na mikono yake ikafanya kazi hadi mchana.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa kituo. Wifi akaiweka sauti kubwa, akaishika mbali kidogo na mimi.

"Mama reko, pole sana. Lakini simu yako inatuma homa nyingi za nyumba moja. Iko makosa?"

"Si makosa. Ni kilio. Bantu banalala inje."

Nikasikia muuguzi akifunua daftari. Halafu akasema kwamba aliwahi kuona homa zikipanda hivyo kwenye mitaa mingine na hakujua sababu. Jioni alituma vyandarua kwa pikipiki, vikafungwa kwenye kamba za turubai. Mzee wa chai alisema yeye hawezi kulala ndani ya wavu kama samaki. Asubuhi walimkuta amelala humo.

Mtoto aliomba uji siku iliyofuata. Nilifurahi, na nilikasirika pia. Niseme ukweli. Kwa mume wangu hapakuwa na mstari wa kutazama wala kijiko cha dawa. Moyo ulisimama akiwa anafunga viatu. Niliisikia sauti ya mtoto akidai sukari, nikajifunika kitambaa nikalia, na watu wakadhani ni kilio cha kawaida.

Siku hizi kilio kikifunguliwa mtaani kwetu, natuma ujumbe kituoni kabla turubai halijafungwa, na vyandarua vinakuja. Wengine wananung'unika. Nawaacha wanung'unike ndani ya chandarua.

Kwenye kilio chetu, kaka mkubwa wa marehemu alifika mwishowe, nikaoshwa. Nilikuwa bado nafuta maji shingoni wifi alipokuja na binti yake, akamweka mapajani mwangu bila kuuliza.

"Mushike, mulamu," akasema. "Minye nachelewa soko."

Nilimshika. Alikuwa mzito, na shingo yake haikuwa na joto.