Kidonda Alichokinyamazia Ndugu Elkana

Wapendwa, nimepewa dakika kumi za kushukuru. Nitazitumia zote, na ninaomba mtu asinivute nguo nikae.

Wengi mnanijua. Mimi ni Rispa, binti wa yule mama anayeuza nyanya Rodi Kopany siku za soko. Kabla niugue nilikuwa na mdomo. Niliimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana, na sokoni nilinadi nyanya mpaka majirani wakaziba masikio. Hospitali sikuwahi kulala hata siku moja.

Mwaka jana, kabla ya mvua za Elnino, vijana tulienda matembezi ya siku moja vilima vya Gwassi kuona maporomoko ya maji. Aliyetuongoza ni Ndugu Elkana, kiongozi wa vijana, yule amekaa mbele na tai nyekundu. Tulitoka ibada ya mapema tukapanda lori na nguo zetu za kanisa. Kule tulifuata vijito tukipanda. Njia ilikuwa mtoni kwenyewe, maji ya magoti, mawe yanateleza. Ndugu Elkana akatuambia wasichana, "Vueni viatu, mtaviharibu. Vibebeni kichwani." Tukavua. Nani anataka kuharibu viatu vya kanisa?

Maporomoko niliyaona. Ni mazuri, siwezi kusema uongo. Ukisimama karibu unalowa kabla hujayagusa. Wakati wa kurudi nilikuwa nyuma, wenzangu wametangulia, nikakanyaga kipande cha jembe chenye kutu. Kikaingia kisiginoni. Damu ikawa nyingi. Ndugu Elkana, aliyebaki nyuma kutuhesabu, akachota udongo ukingoni, pale ng'ombe wanapokunywa, akaukandika kwenye tundu ili damu ikome, akafunga na kitambaa changu cha kichwa. Kisha akaniinamia. "Rispa, nyumbani usiseme. Wazee wakisikia mtu ameumia watatukataza kutembea." Nikanyamaza. Nilivaa soksi, mama nikamwambia viatu vimenichubua. Hapo nilikosea, na kosa hilo ni langu.

Siku ya nane niliamka taya limekaza. Nilidhani ni jino. Kufika jioni kijiko hakiingii, uji unamwagika kifuani. Shingo ikawa ngumu kama mti. Kesho yake mgongo ukaanza kujipinda wenyewe. Mlango ukigongwa tu, mwili wote unakaza, nainuka kitandani nimebaki juu ya kichwa na visigino. Nilijikojolea. Na akili ilikuwa timamu kabisa, nilisikia kila neno.

Mama akamwita Ndugu Elkana aje kuomba. Aliingia, akanitazama, akasema, "Ni pepo bubu, mama. Limemfunga kinywa asikiri." Akaomba siku mbili. Akaleta kijiko cha chuma anifungue taya kwa nguvu, akanivunja meno haya mawili ya mbele. Nilipogonga kitanda na mguu ili mama aangalie, alisema pepo linapiga teke. Alijua, wapendwa. Kidonda hicho alikifunga kwa mkono wake.

Mama ndiye aliniokoa. Alikuwa ananifuta mkojo, nikagonga tena na ule mguu, akaushika, akavua soksi. Usaha mweusi ukatoka na harufu yake.

"Elkana, hii ni nini? Si ulikuwa naye mtoni?"

"Sijui, mama. Labda aliumia hapa nyumbani."

Mama alisimamisha pikapu ya samaki iliyotoka Mbita ikielekea Migori, tukapanda na samaki. Hospitalini daktari hakuhitaji dakika mbili. "Hii ni pepopunda. Mmekaa naye siku ngapi?" Mama akasema tatu. "Mngekuja siku ya kwanza. Sasa siwezi kukuahidi kitu, mama." Wakakata nyama iliyooza kisiginoni, wakanidunga dawa ya kuua sumu ya ugonjwa huo, wakaniweka chumba chenye giza kwa sababu mwanga na kelele vilinikaza. Nililishwa kwa mpira uliopita puani, wiki tatu. Mara mbili pumzi ilikatika mama akiona. Kutembea nilijifunza upya, nikishika ukuta.

Mnajua nilikuwa nikifikiria nini humo gizani? Mtaniwia radhi, si mbinguni. Nilifikiria nikipona nitasimama wapi niseme. Hasira ile ilinilisha kuliko ule mpira.

Namshukuru Nyasaye, Mungu wetu. Namshukuru daktari, manesi, na mama yangu aliyelala sakafuni siku zote hizo. Na ninyi niwaambie: ukidungwa na chuma au mwiba, osha kwa maji safi na sabuni, usikandike udongo, nenda ukadungwe sindano siku hiyo hiyo. Taya likikaza ni hospitali, maombi mtafanyia njiani. Na ukiumia, sema, hata anayekunyamazisha akiwa ameshika Biblia.

Alasiri hii mtachagua mzee wa kanisa, na jina lililoletwa ni la Ndugu Elkana. Wengine mmenifuata nyumbani mkaniomba nimsamehe kwanza. Sijamsamehe. Mama yangu yuko pale mstari wa pili, na mpaka leo anajilaumu kwamba hakuona mguu wa mtoto wake. Ndugu Elkana, inuka umwambie ni nani aliuficha. Mimi nitabaki nimesimama hapa mpaka useme.