Mmoja Wetu Abaki Mombasa

Mombasa niliijua kwanza kwa pua. Tulipofika mlangoni kwa Shangazi Riziki tulipokewa na harufu ya unga wa dengu ukikaangwa kwa samli, imechanganyika na kahawa aliyokuwa akiitwanga mzee Mngazija wa chumba cha mbele, na moshi wa pasi ya mkaa ya fundi Mgoa aliyeshona suti ghorofani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu Mwanatumu alikuwa na minane. Tulikuwa tumetoka Msambweni kwa basi tangu alfajiri, tukavuka kwa feri pale Likoni tumeshikana mikono, yeye kafumba macho njia nzima. Ulikuwa mwaka ule bendera ilipobadilishwa, na madukani vibendera vipya vya karatasi vilikuwa vimeanza kupauka kwa jua. Baba alituambia tunakwenda likizo, basi. Alitukabidhi, akanywa maji, akarudi siku hiyohiyo.

Juma la kwanza lilikuwa tamu. Ua wa nyumba ile ulijaa watoto waliosema Kihindi, Kiarabu na Kiswahili kwa pumzi moja, na wote walimtaka Mwanatumu, maana alikuwa mwepesi wa kucheka. Mama Kanta, Mhindi wa upande wa pili wa ua, alimfundisha kuhesabu kwa lugha yake, na kila alipokosea wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa mtoto wa kusimama pembeni nikitazama. Shangazi, dada yake baba, hakujaaliwa mtoto. Mumewe alifanya kazi bandarini na nyumba yao ilikuwa kimya na safi. Sharti lake lilikuwa moja: tusile kwa watu. "Mtoto wangu akiomba chakula kwa jirani," alituambia, "amenivua nguo hadharani."

Siku moja nilikuwa nyuma ya nguo zilizoanikwa nikamsikia akizungumza na mke wa yule Mngazija. "Kaka amekubali kunipa mmoja," alisema. "Nitamtia skuli mwezi wa kwanza. Wawili siwezi." Mwenziwe akamwuliza ni yupi. "Yule mdogo amenikaa moyoni. Mkubwa ana macho makavu."

Nilibaki pale hadi shuka ikanikaukia usoni. Kwetu wakati huo msichana alisoma chuoni, akakhitimu Kurani, akangoja kuolewa. Lakini pale mjini nilikuwa nimewaona wasichana wa rika langu, Waarabu, Wahindi na Waswahili, wakipita na sare na mabegi, nami nilitamani kuwa mmoja wao. Sikumchukia Mwanatumu. Nilitaka tu aondoke.

Kesho yake Shangazi alikwenda sokoni. Nilimwita Mwanatumu nikamwambia, "Nenda kwa Mama Kanta. Mwambie Shangazi amepata wageni, anaomba ladu, zile tamutamu zake za unga wa dengu." Aliniuliza kama Shangazi hatakasirika. Nikamwambia ni yeye mwenyewe aliyeagiza. Akaenda mbio. Alirudi na sahani imejaa, nikamwambia ale, na alipotaka kunimegea nikasema nimeshiba.

Shangazi hakuwa hata amelitua kapu lake la sokoni pale Mama Kanta alipomwuliza uani, kwa wema wake wote, kama wageni wamekwenda na kama ladu zilitosha. Watu walikuwepo. Shangazi alitabasamu, akashukuru, kisha akaingia ndani na kutuita.

"Dada ndiye aliyenituma," Mwanatumu alisema.

"Mejumaa, ulimtuma?"

"Sikumtuma, Shangazi." Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilimwona Shangazi anasita, nikaongeza, "Hata nyumbani ndiyo tabia yake. Mama amechoka naye."

Mwanatumu alinitazama kama mtu aliyesahau jina langu. Shangazi alimtoa uani akamchapa kwa mwiko mbele ya wote, na Mama Kanta akisema basi, basi, ni mtoto. Mimi nilisimama mlangoni. Yule mdogo wangu mwenye kulia kwa kuchomwa na mwiba tu, siku ile hakulia.

Siku ya pili yake Shangazi alimchukua kumrudisha Msambweni. Mwanatumu aliniuliza, kanga yake imefungwa kichwani tayari, "Wewe huji?" Nikamwambia nitakuja kesho. Nilikwenda baada ya mwaka mzima, nikiwa na viatu na kitabu.

Nilisoma nikawa mwalimu, na sasa nimestaafu. Mwanatumu aliozwa akiwa na miaka kumi na mitano. Kura hupiga kwa kuonyeshwa picha, na barua za wanawe nilimsomea mimi, hata zile zenye siri zao. Miaka yote nilipokwenda Msambweni alinipokea kwa "Shikamoo, dada," nami nikaitikia marahaba kana kwamba naistahili. Mombasa nayo, kila nikikaa na majirani wa kila kabila, hunikumbusha kwamba nafasi niliyoikalia haikuwa yangu.

Mwaka jana nilimwambia. Alikuwa amekaa mkekani akisuka makuti, nami nilieleza yote, ladu, uongo, na maneno niliyoyaongeza. Hakuacha kusuka.

"Nilijua," alisema. "Na Shangazi alijua. Aliniambia kwenye feri. Alisema, najua mwenzako ndiye aliyekutuma, lakini mtoto anayeweza kusema uongo ule bila kupepesa jicho, mjini ataishi. Wewe ungenifia huko."

Nikamwuliza kwa nini alininyamazia miaka yote hiyo.

"Ulikuwa ukija na sukari na kanga, na watoto walikuwa wadogo," akasema, akavuta kuti jingine. "Ningesema, ungeona haya ukaacha kuja."