Mashine Iliyokataa Kuzunguka Kavu

Muniruhusu nijicheke mimi wa kwanza. Hapa Masisi, mashine ya zamani ya kufua ya Mama Kavira, mwenye nyumba ya wageni, niliitengeneza miaka mingi. Ukizungusha kifungo chake, kinalia kha-kha-kha. Ukikifungua, unaona meno yake. Jino likivunjika, unachonga lingine kwa plastiki ya bidon ya maji, na maji unamimina kwa juu.

Juzi akaleta mpya. Niliijaribu kavu, vile nilizoea, nione kwanza kama moteri inazunguka. Ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Basi hamu ikanishika: meno ya hii yako wapi? Nikatafuta kitu cha kukalia hapo kando yake, nikaketi, nikafungua visi zote kwa bisibisi mbele ya wageni. Ndani hakuna jino hata moja! Ni karte ya umeme tu, ya kijani, laini kama jani la ndizi. Niliigeuza, nikainusa, hata nikaigonga kidogo.

"Mama, karte njo imekufa," nikasema kwa sauti ya daktari. "Hizi za kisasa hazitengenezeke."

Mama Kavira akamupigia kaka yake wa Butembo aliyeituma, akafungulia sauti ya simu tusikie wote.

"Haijakufa, iko inangojea maji," kaka akasema. "Tuyau ya kuingiza maji mulifunga wapi?"

"Tuyau gani?" nikauliza.

"Ile imeviringishwa mu sachet, mu mufuko wa plastiki."

Wageni wakaanza kutafuta kila kona. Mimi nikasimama polepole. Nilikuwa nimeikalia.