Sauti ya Pili kwenye Kaseti

Akazehe, salamu ya kuimbwa ya wanawake, niliimeza kutoka kwenye kaseti kuukuu iliyorekodiwa huko milimani. Wanawake wawili wanasalimiana kwa kuimba: mmoja anaanza, mwenzake anamdaka katikati ya pumzi, na salamu haikatwi mpaka wote wawili waridhike. Kikundi chetu cha nyimbo za asili kilikuwa na mwanamke mmoja tu, mimi, kwa hiyo nilikariri sauti zote mbili. Niliiga hata kikohozi cha yule anayeitika, nikidhani ni pambo. Nikasifiwa mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Alasiri moja tuliitwa kwenye sherehe katika nyumba moja ya mtaa wa Kinindo. Nilikuwa nimeanza tu sauti ya kwanza wakati mama mmoja mzee, aliyekuwa akikaanga ndizi uani, alipokuja mpaka mbele ya wageni, mwiko mkononi, akaanza kuitika. Wageni waligeuza simu zao kwake. Nikaona ananiharibia, nikamkonyeza mlinzi. Mlinzi akamshika mkono, akamtoa mpaka nje ya geti, naye anaitika tu njia nzima. Nikapaza sauti kwenye maikrofoni ili nimfunike.

Baadaye nilimkuta ameketi juu ya bidoni tupu la maji nje ya ukuta. Nilikwenda kumkaripia, Mungu anisamehe.

"Ile sauti ya kwanza ni ya dada yangu mukubwa," akaniambia kabla sijafungua kinywa. "Alishakufa. Ya pili ni yangu; walitushika kwenye kaseti kule milimani. Nilimusikia ananisalimia, nikaitika. Sikujua kama ninaharibu kazi yako, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba msamaha, nikamsihi aje tuimbe wote.

"Apana. Watu walishaniona natoshwa inje ya geti na mulinzi. We unaweza kuimba wawili peke yako. Endelea."

Akarudi kwao Kanyosha kwa miguu, nami sikumsindikiza.

Nimeendelea. Juzi juzi, baada ya kuimba katika mtaa wa Gihosha, msichana mmoja aliyetaka kujifunza aliniuliza wale wanawake wa kwenye kaseti wanapatikana wapi. Nikamwambia wamekufa wote wawili.