Ufagio Usiingie Kwenye Mibuni

Iko siku moja ya mwezi wa kumi ambayo mpaka leo nyayo zangu zinaikumbuka, na nitakusimulia, mwanangu, kwa sababu asubuhi nimekuona na ufagio chini ya mibuni. Usinune. Mke wa mjukuu anayeshika ufagio kabla jua halijachomoza ni wa kumshukuru Mungu, tena hapa Itaka siwaoni wengi. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, na ndiyo maana nilibakiza kidogo tu ninyang'anywe shamba.

Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinipa kile kipande cha juu ya kijito, chenye mibuni iliyokuwa imeanza kuzaa vizuri. Aliniambia, "Hiki ni chako, ila nakutazama mwaka mmoja. Ukikitunza, hakuna atakayekigusa. Ukiniulia mibuni, nampa shemeji yako." Siku zile mwanamke kuwa na shamba lake mwenyewe lilikuwa jambo kubwa. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi.

Basi nikaanza kazi ya kutafuta sifa. Chini ya mibuni kulikuwa na majani yaliyooza, manyasi, vijiti na majani makavu ya migomba, na mimi nikaona uchafu mtupu. Kwetu tulilelewa kwamba mke hodari anajulikana kwa uwanja wake, nami nikalifagia shamba kama uwanja. Kila kitu nikakirundika pembeni nikakichoma. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda kuteka maji walinisifu, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikafagia tena, na iliyofuata tena, huku nikimsubiri mama mkwe aje aone.

Akaja saa saba mchana. Nikampigia magoti nikamwamkia, akaitikia, kisha akautazama udongo.

"Vua viatu," akasema. "Simama hapo."

Mwanangu, ule udongo ulikuwa unaunguza. Nilijikaza, maana bibi harusi harukiruki mbele ya mkwewe, lakini haukupita muda nikawa nabadilisha miguu kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Akanishika mkono akanivusha mfereji mpaka kwenye mibuni yake, ambako majani yalikuwa yamelala tangu mwaka juzi. Akayasogeza kwa mguu, akanisimamisha pale. Udongo wake ulikuwa mweusi, una unyevu, na ubaridi wake ulinipanda mpaka magotini.

"Wewe umeshindwa kusimama hata muda wa kumaliza Baba Yetu," akasema. "Mizizi inasimama pale kutwa na haina pa kukimbilia. Na chakula chake umekigeuza moshi."

Nililia. Hakuwa mkali hata kidogo, nililia kwa sababu niliona shamba langu linaondoka, tena kwa bidii yangu mwenyewe.

Kesho yake nikaanza kubeba. Mabua ya mahindi, manyasi, makapi ya maharage yaliyokwisha kupurwa, majani ya migomba, vyote kichwani, nikavitandaza huku nikiacha nafasi kidogo kuzunguka mashina. Wale wale walionisifu sasa wakanicheka, wakasema bibi harusi anaezeka shamba. Mvua za kwanza zilipokuja, sehemu niliyokuwa sijaifikia maji yaliteleza juu yake na kuondoka na udongo, na mibuni kadhaa ya huko ilikauka. Niliihesabu kila siku kwa hofu. Mingine ikajishika, ikarudisha ukijani wake taratibu.

Mwaka ulipotimia, mama mkwe alikuja tena saa saba. Alivua viatu vyake, akasimama katikati ya shamba, halafu akaanza kunieleza habari za harusi ya binamu yake kule Mbebe, mwanzo hadi mwisho, na chakula kilivyopungua. Alipomaliza ndipo nilipogundua kuwa hajasogeza mguu hata mara moja. Akavaa viatu akaenda zake, na shemeji yangu hakupewa kitu.

Neno kaboni mama mkwe hakulijua. Mimi nimelisikia uzeeni, kutoka kwa yule binti bibi shamba anayekuja na pikipiki kutoka Mlowo. Alichota udongo wangu akaniambia weusi ule ni majani na mizizi ya miaka mingi, na ndani yake imetunzwa kaboni ambayo mimea iliivuta kutoka hewani. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoula weusi huo na kutoa hewa ya ukaa, kama sisi tunavyopumua. Pakiwa na baridi vinakula taratibu. Joto likizidi, vinakula kwa pupa, hewa ile inapanda, huko juu inaongeza joto, na joto linarudi kuvichochea vile vijidudu vile vile. Nikamwambia, binti yangu, basi hawa ni kama wageni wa harusi moja ya Mbebe, waliokula mpaka chakula kikapungua. Alicheka mpaka akaangusha kalamu.

Milima yetu hii ilijaliwa udongo mweusi kwa kuwa baridi iliulinda. Mwezi wa sita tulikuwa tunaenda ibadani na makoti mawili mawili, siku hizi nawaona vijana na singlendi. Sitakudanganya kwamba majani yetu yataturudishia baridi ile, joto hili halikuanzia Itaka. Ila udongo uliovuliwa nguo unapata moto zaidi na unafilisika haraka zaidi, na hilo liko mikononi mwetu.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu. Ufagio wako uishie uwanjani. Usichome mabua hata kama jirani anachoma na shamba lake linapendeza macho. Kila kinachoanguka kutoka kwenye mbuni mwachie mbuni, na ukipata samadi iliyoiva ongeza. Wakikucheka, waitikie kwa uchangamfu na uendelee kubeba.

Kipande cha juu ya kijito nimekiandikisha kwa jina lako tangu jana, na mume wako anajua. Sikuwekei mwaka wa majaribio, magoti yangu hayana subira hiyo. Sasa vua ndala hizo twende, utangulie kukanyaga. Mungu aibariki mikono yako, akupe watoto wenye afya, na siku ukiwa bibi kama mimi, saa saba mchana ya mwezi wa kumi, usimame peku katika shamba lako na usimulie harusi nzima.