Mkono wa Gia wa Pembe ya Ng'ombe

Pembe ya ng'ombe ikichemka hunuka kama nywele zilizoungua. Msimu ule wa mvua, nyumbani kwetu Muleba, harufu hiyo ilinifukuza jikoni na udadisi ukanirudisha, maana nilitaka kuona kitu kigumu vile kikilainika. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa na baiskeli ya kizamani yenye gia, aliyoachiwa na mchungaji aliyehamishwa. Mkono wa kubadilishia gia ulikuwa wa plastiki, umezeeka ukawa mkavu kama ganda la yai. Ulipokatika, mnyororo ulibaki kwenye gia nzito, na kwa goti lake bovu Tata asingeweza kuupanda mlima wa kwenda gulio la Kagoma akiwa na mikungu ya ndizi. Chumvi yetu na mafuta ya taa vilitoka huko.

"Ng'oa gia zote, ubaki na moja kama wanaume wenzako," baba mdogo alimtania.

"Na goti nalo niling'oe?" Tata akamjibu.

Alichonga mkono mwingine kwa mti wa mbuni, yaani wa kahawa, mvua ikaupasua. Nikauliza mbona kipembe cha bibi cha tumbaku hakipasuki. Kuuliza si ujinga: mama akabandika pembe jikoni. Ilipolainika Tata akaibana kati ya mbao mbili, ilipopoa akaitoboa kwa msumari wa moto. Lakini pembe ina mkunjo wake, na hii ilikataa kukaa kama mkono wa zamani. Ikabidi tuifunge kinyume, waya tuuzungushie upande wa pili, gia nyepesi sasa ije kwa kusukuma mbele badala ya kuvuta. Siku ya gulio nilikimbia nyuma yake mlimani. Tata kwa mazoea akavuta, baiskeli ikasita.

"Sukuma mbele, Tata! Mbele!"

Mnyororo ukaruka, miguu ikawa myepesi, akapanda hadi juu bila kushuka.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba mdogo aliiazima baiskeli, akavuta badala ya kusukuma, akarudi anaikokota, jasho linamtiririka. "Hata baiskeli yenu inaringa!"

Shule niliiacha mapema nikazunguka, hadi kisiwani Goziba kutengeneza mashine za mitumbwi. Siku hizi Bukoba vipuri vya gia vinang'aa madukani. Kikivunjika kimoja tunanunua kingine kabla ya kutazama kimevunjikia wapi. Nami hununua. Ila nikiazima baiskeli ya mtu na mlima ukaanza, mkono wangu husukuma mbele, gia ikazidi kuwa nzito, nami nikashuka kuikokota, nikicheka peke yangu.