Sombe ya Hasira

Likizo hii nimefika nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kutoka shuleni Nyamitanga, na kabla sijatua begi dada yangu wa miaka minne ameniuma mkono. Kosa langu? Nilimwambia kichwa chake kinafanana na kiazi. Rafiki yangu, meno yale yamenirudisha mbali, maana enzi zangu bingwa wa kuuma nilikuwa mimi.

Chekechea yetu ilikuwa chini ya turubai. Ilinukia moshi na uji wa mahindi, na vumbi jekundu tulilivaa kama soksi. Mwalimu wetu, mama mmoja mnene wa Kivu Kusini, hakuwa na fimbo. Alikuwa na kinu. Siku za sombe, yaani majani ya muhogo kwa ninyi msiojaliwa, mtoto aliyepandwa na hasira alipewa mchi mdogo uliokatwa kwa kipimo chetu.

“We papa,” alimwambia, maana kwake kila mvulana aliitwa papa, yaani baba, “hasira yako iko na mikono? Kuja uipatie kazi.”

Ulitwanga mpaka pumzi itulie, ndipo useme kwa mdomo kilichokukera. Tukigombana sana, sombe ililainika kama siagi. Siku za amani tulitafuna vijiti.

Mimi nikaona huo ni mchezo mtamu, nikawa nanuna bure ili nipewe mchi. Mara ya tatu mwalimu akanigundua. “Ya leo ni ya uongo, sioni jasho,” akanirudisha mkekani.

Ya kweli ilipokuja, kinu nilikisahau. Nilimuuma mtoto wa jirani sikio kwa sababu ya zamu ya bembea. Mwalimu akamwambia mama yangu, kwa upole ulionitisha kuliko kelele: “Akiuma tena, atabaki kwanza nyumbani. Batoto benzake banamuogopa mingi.” Nyumbani maana yake kushinda pembeni mwa shamba la maharage na mbuzi asiyejua hata wimbo mmoja. Bila uji. Bila wenzangu.

Hazikupita siku tatu, mtoto yuleyule akakanyaga gari langu. Gari la kopo la mafuta, magurudumu ya kandambili! Likawa chapati, naye akacheka. Meno yakaanza kuniwasha. Watoto wote wakasogea nyuma. Mwalimu, aliyekuwa akikoroga uji, mwiko juu, ananitazama tu, haniiti.

Nikaenda mwenyewe. Siku hiyo haikuwa hata ya sombe, kinu kilikuwa kitupu. Nikatwanga hewa, tu! tu! tu!, machozi na kamasi kwa pamoja. Kisha nikasema, “Gari yangu. Papa ndiye aliitengeneza.”

Yule mtoto akaacha kucheka. Akaokota gurudumu moja, akanipa.

Mwalimu akarudisha mwiko kwenye uji. “Kesho usisahau kikombe yako,” akaniambia. Nikajua sifukuzwi.

Sasa turubai halipo, pamejengwa madarasa ya matofali, na sombe wengi wanapeleka kusagwa kwa mashine. Mwalimu alihamia ng'ambo, nchi ya baridi, sijui huko wenye hasira wanatwanga nini. Kinu alituachia sisi, kikawa chumba cha kulala cha kuku wa mama.

Leo nimewafukuza kuku, nikakiosha, nikakata mchi kwa kipimo cha dada yangu. Amenitazama kama mwendawazimu, halafu akatwanga, akatwanga, mpaka mabega yakashuka.

“Kichwa yangu si kiazi,” akasema.

Nikamwomba msamaha. Na mchana tumekula sombe laini ajabu.